Canon EF 100mm f/2.8L Macro: lenzi ya kupigia picha fedha kongwe zenye rangi

Kama unakusanya sarafu kongwe za fedha, na kila ukizipiga picha zinatoka nyeusi au kijivu kitupu ilhali mkononi zinawaka dhahabu na buluu, inunue lenzi hii. Inunue iliyotumika, usilipe bei ya dukani. Hayo ndiyo maoni yangu, na yanayofuata ni sababu zake, pamoja na mambo mawili matatu ambayo lenzi hii haiyawezi.

Walioisifu kwa wadudu, maua na pete za harusi ni wengi na sina la kuwaongezea. Mimi naishi Leicester na ninaitumia kwa sarafu za Uingereza za enzi ya nyundo, yaani zilizopigwa kwa mkono kabla ya mashine kuichukua kazi hiyo moja kwa moja mwaka 1662. Fundi alikita muhuri wa chini kwenye gogo, akaweka kipande cha fedha juu yake, akashika muhuri wa juu kwa mkono mmoja na kupiga nyundo kwa mkono wa pili. Ndiyo maana huzioni mbili zinazofanana. Moja picha haikukaa katikati, nyingine imepasuka ukingoni kwa nguvu ya pigo, nyingine imekatwakatwa pembeni na watu waliokuwa wakiiba fedha kidogo kidogo kisha wakaitumia sarafu kwa thamani yake ile ile. Mfaransa Eloye Mestrelle alileta mashine Mnara wa London, ilikokuwa karakana ya sarafu, mwaka 1561, wakati wa Elizabeth wa Kwanza, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya nyundo. Mafundi wa pale hawakumtaka, akaondolewa, na mwaka 1578 akanyongwa kwa kughushi fedha. Nyundo ikaendelea karibu karne nzima baada yake. Nashukuru kwamba iliendelea, kwa sababu ule uso wenye mabonde na vilima ndio unaoifanya rangi icheze.

Rangi yenyewe ndiyo kisa cha yote haya. Fedha ikikaa hewani hukutana na salfa, iliyomo hata katika karatasi na vitambaa, na juu yake hutanda utando wa salfidi ya fedha. Utando huo ni mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka kwenye fedha iliyo chini yake, rangi nyingine zikafifishana na nyingine zikapandishana, mambo yale yale unayoyaona mafuta yakielea juu ya maji ya barabarani. Unene wa utando ndio unaoamua: kwanza hutoka manjano ya dhahabu, kisha wekundu unaoelekea zambarau, kisha buluu, na ukizidi kunenepa mzunguko huanza tena kwa rangi nyingine kabla ya kuishia kwenye weusi. Sarafu iliyolala miaka mingi ndani ya kabati la mahogani la mkusanyaji wa zamani, au ndani ya bahasha ya karatasi, hupata rangi hizi taratibu, na hizo ndizo ninazozitafuta. Kuna watu huzitumbukiza katika dawa zing'ae tena. Wakimaliza, kilichobaki ni kipande cha chuma cheupe kisicho na uhai, na umri wote ule hauwezi kurudishwa.

Sasa shida ya mpiga picha. Rangi ya namna hii haionekani kwa mwanga wowote ule. Inaonekana pale tu mwanga unapogonga sarafu na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Ukiweka taa chini ubavuni utapata vivuli vizuri vya herufi na pua ya mfalme, lakini rangi itakufa, sarafu itakuwa kama kipande cha makaa. Kwa hiyo taa lazima ipande juu, ikaribie kabisa lenzi, imulike karibu wima. Hapo ndipo lenzi fupi za makro zinapofeli: ili ukuze picha vya kutosha unalazimika kuishusha lenzi mpaka inakaribia kuigusa sarafu, na kivuli chake kinafunika kila kitu. Taa haina pa kupita.

Canon hii, ikiwa katika ukuzaji wake wa mwisho, yaani sarafu inapoangukia kwenye kihisi, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, inakuachia kama sentimita 14 kati ya kioo cha mbele na sarafu. Kwenye karatasi za sifa za lenzi utakuta imeandikwa sentimita 30, lakini hiyo inapimwa kuanzia kwenye kihisi ndani ya kamera, isikuchanganye. Sentimita 14 zinatosha kuingiza taa mbili zenye shingo ya kupinda, karatasi ya kulainisha mwanga, hata kipande cha kioo kilicholazwa nyuzi 45. Ukiniuliza nini hasa ninachokilipia katika lenzi hii, nitakwambia ni nafasi hiyo. Ukali wa picha uko, tena mwingi, lakini lenzi kali za makro ziko tele.

Mpangilio wangu hauna ufahari. Kamera ni Canon EOS 6D ya pikseli milioni 20. Imefungwa kwenye nguzo ya mashine ya zamani ya kukuzia picha, ile ya chumba cha giza, ambayo nimeitoa kichwa. Taa ni mbili za JANSJÖ za IKEA, nilizipata mtumba, moja inamulika kutoka juu kushoto na nyingine juu kulia, na kila moja nimeivalisha karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Sarafu inakaa juu ya kitambaa cha kijivu. Kamera inapigwa kwa kompyuta, kwa programu ya EOS Utility ambayo Canon huitoa bure, ili mkono usiguse kitu. Kabla ya sarafu naweka kadi ya kijivu chini ya taa zile zile, napiga, na kwa hiyo napanga weupe wa picha zote zinazofuata. Hatua hii msiiruke, wenzangu. Taa za bei nafuu zina unjano wake, na unjano huo ukikaa juu ya fedha mtu atadhani ni rangi ya umri.

Hebu nieleze peni moja, yaani penny, sarafu ndogo ya fedha ya Kiingereza, kwa karibu, maana hapo ndipo utaelewa ninachokisema. Ni peni ya Edward wa Kwanza, aina iliyoanza mwaka 1279 alipobadilisha fedha ya nchi nzima, upana kama milimita 19, uzito gramu moja na nusu kasoro kidogo. Upande wa mbele uso wa mfalme unakutazama moja kwa moja, taji, nywele zimevimba pande mbili kama alivyozichora fundi, na maandishi EDW R ANGL DNS HYB, Edward mfalme wa Uingereza, bwana wa Ireland. Nyuma kuna msalaba mrefu unaofika ukingoni, vidoti vitatu vitatu katika kila pembe, na CIVITAS LONDON. Kwa macho matupu, chini ya taa ya sebuleni, ni ya kijivu iliyokolea.

Chini ya lenzi hii, taa zikiwa juu, mambo ni mengine. Paji la uso na mashavu, palipoguswa na vidole vya watu kwa miaka, ni kijivu chepesi cha fedha tupu. Ukishuka kwenye bonde kati ya uso na duara la nukta, dhahabu inaanza, kwanza kama chai ya rangi, kisha inakolea. Miguuni mwa herufi, mahali ambapo vidole havikufika, dhahabu inageuka wekundu wa zambarau, na ndani kabisa ya herufi D kuna buluu ya usiku. Nyuma, kila pembe ya msalaba ina buluu iliyozunguka vile vidoti vitatu, na vidoti vyenyewe vimebaki vyeupe. Ukiinua upande mmoja wa sarafu unene wa karatasi tu, buluu inaruka kutoka pembe hii kwenda ile. Nilikuwa nayo peni hii muda mrefu nikiijua kuwa nzuri, lakini lile suala la buluu ndani ya D sikuwahi kuliona mpaka lenzi iliponionyesha.

Kwa kamera yenye kihisi kikubwa kama 6D, kihisi kina milimita 36 kwa 24. Peni ya milimita 19 inaingia yote katika ukuzaji wa mwisho na inakupa pikseli kama 2,900 kwa upana wake, zaidi ya unavyohitaji kuona kila mkwaruzo. Sarafu kubwa zaidi inabidi upandishe kamera. Peni sita yangu ya Elizabeth ya mwaka 1567, yenye waridi nyuma ya kichwa cha malkia na alama ya taji dogo, ina milimita kama 26, kwa hiyo haiingii mpaka nirudi nyuma kidogo, na nikirudi nafasi ya taa inazidi, raha. Wenye kamera za kihisi kidogo, ambacho kwa Canon ni milimita 22 kwa 15 hivi, hata peni italazimisha kurudi nyuma. Hawapotezi kitu, tena kwa sarafu nyingi watakuwa na nafasi zaidi ya yangu.

Ukali nitaupitia haraka. Kwenye f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kuna ukingo wa zambarau upande mmoja wa fokasi na wa kijani upande wa pili, hasa pale fedha inaporudisha mwanga mkali. Kwenye picha ya ua huo ni upuuzi mdogo. Kwenye sarafu yenye rangi ni balaa, kwa sababu rangi ya lenzi inachanganyika na rangi ya sarafu na huwezi tena kuapa ipi ni ipi. Ukifunga tundu mpaka f/5.6 ukingo huo unatoweka. Mimi hupiga f/8, kwa kuwa sarafu ya nyundo si bapa na nahitaji kina. Msizidishe hapo. Katika ukuzaji wa ukubwa halisi f/8 hufanya kazi kama f/16, hata kama kamera inakuonyesha 8, na ukifunga zaidi picha yote inalainika. Kwa sarafu iliyojikunja sana napiga picha kadhaa, kila moja na fokasi yake, kisha naziunganisha kwa programu.

Kitu kimoja ambacho sikioni kikisifiwa inavyostahili: lenzi hii hairefuki inapolenga karibu. Vioo vinasogea kwa ndani. Lenzi nyingi za zamani za makro hutoa shingo, na ukizielekeza chini kwenye nguzo shingo hiyo huteleza polepole kwa uzito wake, fokasi ikahama katikati ya kazi. Hii ukiiweka imekaa. Ina kitufe cha kuibana fokasi itafute kati ya nusu mita na sentimita 30 tu, nacho kinafaa. Kifaa chake cha kutuliza mtikisiko, kilichosifiwa sana lenzi ilipotoka mwaka 2009, kizime ukiwa kwenye nguzo. Kiwashe ukiwa umeishika mkononi kwenye maonyesho ya sarafu, muuzaji amekuruhusu kupiga na huna pa kuegemea. Hapo kinasaidia kweli.

Yale yasiyonifurahisha. Pete ya kufungia lenzi kwenye stendi haimo kwenye boksi, unainunua peke yake, na ile ya Canon bei yake haina huruma. Lenzi ina gramu 625, si nzito ya kuumiza, lakini kwenye nguzo ninayoitumia kamera inainama kidogo ikiwa haikushikwa vizuri, na sarafu inatoka na upande mmoja nje ya fokasi. Nilichofanya ni kuweka kioo kidogo mahali pa sarafu na kurekebisha kamera mpaka lenzi ijione yenyewe katikati ya picha. Njia hiyo ni ya uhakika na haina gharama.

La pili ni kubwa zaidi: haivuki ukubwa halisi. Kwa peni sawa. Lakini Edward huyo huyo mwaka 1279 alianzisha robo peni ya duara, kwa kuwa kabla yake watu walizoea kuikata peni nusu na robo kwa mkasi, na robo peni hizo zina milimita kumi na kitu tu. Zinakaa katikati ya picha zikizungukwa na kitambaa kitupu. Na mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Ng'ambo ya maji pale iko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Zile za fedha ni za watawala wa pwani yetu wenyewe, Ali bin al-Hasan mmojawapo, vipande vidogo vya kupigwa kwa mkono, jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu upande wa pili, pande mbili zikioana kwa vina. Kila nikifunga kamera kwenye nguzo nawaza kuzipiga hizo zikiwa na rangi zao, kila moja kwa utulivu, mwanga ukiwa juu. Kwa kazi hiyo lenzi hii peke yake haitoshi. Ongeza pete ya kurefusha ya milimita 25 kati ya kamera na lenzi. Haina kioo ndani, kwa hiyo haiharibu ukali, ila inakula nafasi ya taa.

Kile kipande cha kioo cha nyuzi 45 nilichokitaja, wengi wanakipendekeza kwa sarafu zenye rangi. Taa inamulika kioo kutoka ubavuni, kioo kinatupa mwanga chini wima kabisa, na lenzi inatazama kupitia kioo hicho hicho. Kwa sarafu za mashine, zilizo bapa, matokeo ni ya ajabu. Kwa za nyundo sikipendi. Uso wake umejikunja, basi sehemu iliyo bapa inawaka na iliyoinama inabaki giza, na mfalme anaonekana ana nusu uso. Taa mbili za juu na karatasi ya kulainisha zinanipa picha iliyo karibu zaidi na ninachokiona kwa jicho.

Na hilo la ukaribu na jicho nalisema kwa uchungu. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, aliyeniuzia shilingi ya Charles wa Kwanza kwa picha inayowaka buluu na waridi. Ilipofika ilikuwa na rangi ya kahawia, nzuri kwa namna yake, ila buluu ile haikuwepo kwa mwanga wowote nilioujaribu. Alivuta rangi kwenye kompyuta. Nikipiga sarafu yangu kwa kuuza au kubadilishana, siongezi rangi hata kidogo, naacha weupe niliopima kwa kadi na kurekebisha mwangaza tu, basi. Mwenzio anakulipa kwa kuiamini picha yako.

Lenzi nzuri pia inafichua rangi za kutengenezwa. Wapo wanaochemsha na kufukiza sarafu kwa salfa wazipate rangi kwa jioni moja. Ukiitazama kwa karibu rangi ya namna hiyo haifuati mabonde: inapita juu ya pua na juu ya herufi kwa unene ule ule, mara nyingi buluu inakutana na fedha tupu bila ya dhahabu na zambarau katikati. Rangi ya miaka hupanda ngazi kwa ngazi, dhahabu kwanza, na huanzia pale vidole visipofika. Kwenye ukuzaji huu ngazi hizo zinahesabika.

Kwa wanaotaka kununua: waliohamia kamera za Canon aina ya R wana 100mm yao mpya ya mwaka 2021, inayofika mara 1.4 ya ukubwa halisi. Kwa robo peni ingenifaa, lakini bei yake ni ya juu, na hii ya EF inafungwa kwenye kamera hizo kwa adapta bila tatizo. Fedha inayobaki nunulia sarafu, peni ya kawaida ya Edward wa Kwanza bado inapatikana kwa makumi ya pauni. Mlioko Unguja, Mombasa, Tanga au Dar, mkikusanya riale na pesa za Barghash zenye mizani, kazi ni ile ile, ila angalieni kuvu kabla ya kulipa. Mulika tochi kutokea nyuma ya lenzi iliyotumika, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, irudishe hapo hapo, hata kama bei ni ya kutupa, na yako ukishainunua ihifadhi kwenye boksi lenye vifurushi vya kunyonya unyevu. Sikiliza pia kifaa cha kutuliza mtikisiko: mlio mdogo ni wa kawaida, ila picha ikirukaruka kwenye kioo cha kamera achana nayo. Mimi nililipa pauni 395 pamoja na vifuniko na kofia yake ya mbele, ambayo kwa sarafu hutaivaa kamwe maana inaziba taa. Iliyotumika ikizidi pauni 450, subiri nyingine.